Mbwa Aliyeshika Mkono wa Shangazi

Harufu ya manyoya ya mbwa yanayokauka karibu na moto wa makaa ndiyo inayonirudisha Bunia, mwaka ule nilipoacha shule. Si harufu nzuri. Ni kama ya gunia lililolowa mvua, ikichanganyika na ya samaki wakavu niliokuwa nikiwauza sokoni. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na mimi, Acan, wa miaka kumi na sita, nikabaki na wadogo zangu wawili: Ukelo wa miaka kumi na Piracel wa miaka mitano. Tulibaki pia na mbwa, Doré. Mama alikuwa akimfulia nguo Madame mmoja, mke wa mnunuzi wa kahawa, na wazungu hao walipofunga nyumba yao mwishoni mwa miaka ya sabini wakarudi kwao, Madame alimwachia mama mbwa wake: mkubwa, manyoya marefu ya rangi ya dhahabu, masikio ya kuning'inia, na uso wa mtu anayesubiri habari njema.

Mama alinirithisha kazi ya kumtunza kama yeye alivyoonyeshwa. Kila asubuhi nilimchana kwa chanuo la mbao, nikitoa kupe na mbegu za nyasi zilizomganda kifuani. Nilimfuta ndani ya masikio kwa kitambaa kikavu, maana masikio yaliyojifunika huoza upesi wakati wa mvua. Saa sita mchana alihitaji kivuli na maji mengi, kwa kuwa koti lile lilishonwa kwa nchi ya baridi. Alijua maneno mawili ya Kifaransa: ukisema assis, alikaa, ukisema donne, aliachia kilichokuwa mdomoni. Na mdomoni hakukukosa kitu: kiatu, ufagio, kitambaa cha sahani. Siku moja aliniwekea kiganjani yai la kuku wa jirani yetu, Mama Lotsove, zima, lenye joto bado. Mama Lotsove mwenyewe alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni.

"Hii imbwa yenu iko namna gani?" akauliza. "Inaiba yai, haikule! Hata kuiba haijue!"

Tulicheka, lakini neno lile lilinikaa moyoni. Mbwa kwetu ni mlinzi. Huyu alimpokea kila mtu kana kwamba yeye ndiye aliyetunga methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Na mlinzi tulimhitaji, kwa sababu siku ya kumaliza matanga shangazi Akumu, dada ya baba, alisimama mlangoni akifunga kitambaa chake kichwani, akasema: "Nyumba haina mwanaume, na imbwa inachekea kila mutu. Nitakuya nyuma ya mavuno kuisha, siku yenyewe siseme. Nikiingia mu lupango, mu uwanja yenu, bila kitu kunizuia, hawa batoto wawili banaenda na miye kwangu Mahagi." Hakuwa mtu mbaya. Wezi walikuwa wamekwisha kutuchukulia sufuria mbili mchana kweupe, Doré akiwatazama. Lakini mama, siku zake za mwisho, aliniomba jambo moja tu: wadogo zako wasitawanyike.

Nilikwenda kwa Mzee Ngabu, aliyekuwa akilinda ghala karibu na soko. "Umufunge muchana," akaniambia, "mutu asimuguse. Na umutie pilipili mu bukari. Atakasirika na dunia yote." Nilipositasita, aliniongezea kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi nilimfunga Doré kwa kamba kwenye mgomba, nikaacha kumchana, nikawakataza watoto wasimkaribie. Alikula ugali ule wa pilipili, machozi yakimtoka, kisha akanywa maji hadi akatapika. Kila nilipopita alitikisa mkia. Mwanzoni wote, baadaye ncha tu. Piracel alikaa mbali akimtazama, akaniuliza, "Yaya," kama tunavyomwita dada mkubwa, "alifanya nini?" Siku ya tisa, nilipoweka sahani chini, Doré alinguruma. Nilifurahi, na papo hapo nikatamani kumwomba radhi.

Shangazi alifika Jumamosi, nikiwa nyuma ya nyumba nikigeuza samaki juani. Nilisikia yowe: "Ananikula! Anakula mukono yangu!" Nilikimbia. Kamba ilikuwa chini, na Piracel amesimama kando yake akilia, ndiye aliyeifungua. Doré alikuwa ameshika mkono wa shangazi mdomoni, anamvuta taratibu kuelekea mlangoni, mkia wote ukienda huku na huku. Shangazi alimfuata kwa hatua ndogondogo, kama bibi arusi asiyetaka kufika. Ukelo alikuwa ameketi chini kwa kicheko.

"Donne," nikasema. Aliachia. Nikasema assis, akakaa miguuni pangu.

Shangazi aliugeuza mkono wake, ukiwa umelowa mate, hauna hata mkwaruzo. Akaunusa. Akatazama kamba, akatazama macho mekundu ya mbwa, akanitazama mimi. "Nani alimutia pilipili?"

"Ni miye, shangazi."

Alilala kwetu siku mbili. Alimchana Doré kwa mkono wake, akanung'unika juu ya masikio yake machafu, na Jumatatu akapanda lori la Mahagi peke yake. Watoto walibaki. Sikuthubutu kumuuliza sababu, akafa bila kuniambia. Labda alicheka moyoni. Labda ni kwa vile mbwa alinisikia mimi. Au labda alitaka tu kuniona nikikubali kosa. Nimelizungusha jambo hili miaka hii yote, na kila mara linasimama mahali tofauti.

Leo Piracel ana nyumba ya matofali, ukuta wenye vipande vya chupa juu, na mbwa mweusi anayefungwa mchana. Simlaumu, mji wetu umeona mengi. Nikienda kumtembelea, husimama nje ya lango, mimi niliyemlea, mbwa akinibwekea hadi mtu aje amshike. "Yaya, hapa hakuna mutu anaweza kupita," Piracel huniambia kwa fahari. Namwambia vizuri, umejenga vizuri. Lakini ninaposubiri pale nje, mkono wangu hujifungua wenyewe, kiganja juu, kama unaongoja yai.