Farasi Aliyesemewa na Baba

Baba alipofariki nilikuwa hapa Muaither, pembeni mwa Doha, nalea watoto wa watu, na ruhusa ya kusafiri haikupatikana. Sisi Wakenya wa huku tuna njia yetu. Ijumaa, baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer, asiyeweza kwenda kuzika hurekodi maneno yake kwenye simu, wenzake wakiwa wamemzunguka. Nyumbani yanachezwa kwenye spika kando ya kaburi.

Dada yangu alinipigia akanipa ya kusema: mcha Mungu, mpenda watu. Nilimkumbusha kwamba Baba kanisani alikwenda Krismasi tu. Akaniambia nisimwaibishe marehemu.

Nilitafuta jambo moja la kweli. Lililonijia ni farasi.

Jirani yetu, mwalimu, ndiye aliyekuwa na televisheni, ile isiyo na rangi. Kila Jumamosi ilionyesha tamthilia ya zamani ya Kizungu ya farasi mweusi na mama aliyemfuga. Sebule ilijaa. Baba aliwahi kumpikia Mzungu, kwa hiyo yeye ndiye aliyetutafsiria. Hata farasi alimsemea. "Anasema hatakula mpaka huyu mjane ale kwanza," alisema Baba, na akina mama wakafuta macho kwa kanga.

Alhamisi, nikipiga pasi, niliitafuta tamthilia ile kwenye simu nikaipata. Nilitaka nilie vizuri. Lakini Kiingereza siku hizi nakisikia. Yule mama hakuwa mjane hata kidogo. Mumewe alikuwa yule mwenye kofia, ambaye Baba alituambia ni shemeji anayenyemelea shamba, nasi tukamchukia miaka yote. Farasi hakula kwa sababu jino lilimuuma. Baba hakuelewa hata neno moja. Nilicheka hadi nikaiweka pasi chini. Halafu nikamkasirikia, kisha hasira ikakosa pa kukaa.

Ijumaa nilirekodi hivi: "Baba yangu hakujua Kiingereza. Alitudanganya kila Jumamosi, na sijapenda hadithi nyingine kama ile yake."

Dada aliposikia akasema atakata kipande hicho, watu watatucheka. Nilimwambia acheze yote au asicheze kabisa. Alikata simu. Sikulala vizuri, nilijiuliza kama ukweli wangu ulikuwa heshima au kiburi tu.

Siku ya mazishi alicheza yote. Kwenye video aliyonitumia, mtu mmoja anacheka, kisha mwalimu, mzee sasa, anaomba kipaza sauti.

"Mwanangu wa huko Doha," anasema, "Kiingereza mimi nilikifundisha. Baba yako akianza kusema, nilipunguza sauti ya televisheni nisikose neno lake."

Dada ndiye aliyeshika simu. Hapo picha inatikisika mpaka mwisho. Sijui alikuwa analia au anacheka, na sijamuuliza.