Mzee wa Cherehani na Pini Zake

Mzee anayeuza cherehani karibu na soko la Eldoret hutoa pini mdomoni mara chache sana. Hutaja bei na kutania wateja akiwa amezibana pembeni mwa midomo, na kitambaa anachopangusia cherehani ndicho hicho hicho anachopangusia picha ya Rais ukutani. Mama Leonida alipofika na bintiye Leonida kutoka kijiji cha Ziwa, aliomba cherehani ya mguu kabla hata ya kusalimu, maana mafundi wote aliowajua walikuwa wakikanyaga. Macho yake hayakuuacha mkono wa kushoto wa msichana. Shuleni ulichapwa, nyumbani ulikemewa, na bado ulitangulia kwa kila kitu. Nani angempa mtoto kama huyo kitambaa chake ashone?

Mzee alimpa Leonida sindano na uzi. "Tunga uzi, binti." Mkono wa kushoto ukajitokeza. Mama yake akakohoa, msichana akauhamishia uzi kulia, ukamponyoka. Mzee akauokota taratibu, akamsogezea cherehani ndogo ya kuzungusha kwa mkono, kisha akatoa pini zote na kuzichomeka kwenye kola.

"Mama Leonida, kwa hii, mkono wa kulia ni taniboi tu, msaidizi wa dereva, kazi yake kuzungusha. Dereva ni wa kushoto, ndio unaoongoza kitambaa."

Leonida akazungusha. Mshono ulipinda, ukanyooka, ukapinda tena. Mama yake alinyoosha mkono kama alivyozoea kuuzuia ule wa kushoto, lakini safari hii akamshikia ncha ya kitambaa.