Kompyuta Aina ya Lyamba

Mwalimu Pudensiana Lyamba, ambaye ofisini tunamwita Mama Agape, alikuwa mwalimu wa kompyuta wa shule yetu miaka mingi kabla kompyuta hata moja haijavuka geti. Mnaotaka kucheka, chekeni. Mtaala ulisema somo lifundishwe, na shule ya pembezoni mwa Nsemulwa isiyo na madawati ya kutosha ingefanya nini? Mama Agape aliokota mifuko mitupu ya saruji, akaikung'uta, akachora juu yake kompyuta nzima kwa maka peni na kuibandika ukutani. Watoto wakawa wanapanga mstari kwenda kubonyeza karatasi. Hata akienda kununua dagaa kule Shanwe, walimwita kwa sauti: "Mwalimu wa Kompyuta!" Alijifanya hasikii, lakini mwendo ulibadilika.

Shida ilikuwa moja. Picha ya kitabuni ilikuwa imefifia, vitufe vinaonekana lakini herufi hazisomeki. Basi akazipanga mwenyewe, kuanzia A mpaka Z, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angezipanga. Watoto wakazikariri kwa kuimba.

Mwaka jana tukaletewa kompyuta nane za kweli, na nyuma yake akaja Emelyne, binti wa kutoka Katumba aliyemaliza chuo juzi tu. Siku ya kwanza aliwaambia watoto waandike majina yao. Vidole vyote vikakimbilia juu kushoto kutafuta A, na kwenye vioo zikajaa Q tupu. Emelyne alicheka mpaka akashika meza.

"Jamani, nyie nani aliwafundisha hivi?"

Darasa zima likageuka kutazama dirishani, alikokuwa amesimama Mama Agape.

Siutafutii jina zuri: ulikuwa wivu. Ule mchoro ulibanduliwa, na lile jina la Mwalimu wa Kompyuta likahamia kwa Emelyne bila mtu kuuliza. Mama Agape alilitaka jina lake lirudi, alilitaka vibaya sana. Sauti ya watoto wakishangilia kule chumba cha kompyuta ilimtoa ofisini hata akiwa na kazi. Chupa ya chai pale ofisini ni yake, na saa nne yeye ndiye humimina. Alimmiminia kila mtu, akifika kwa Emelyne anafunga kifuniko.

"Shikamoo, Mama Agape," binti anasema.

"Marahaba," anajibu, macho yapo kwenye mbuzi wa jirani.

Lakini kompyuta nane kwa darasa la watoto zaidi ya mia ni nini? Wengi walikuwa wanasubiri nje, wanarushiana mchanga. Ikafika siku Emelyne akaja na kibodi moja mikononi, ameinamisha kichwa.

"Mama Agape, naomba unisaidie. Mi kuchora siwezi kabisa. Hawa wanaosubiri wangekuwa na za karatasi, wangezoea vidole."

"Kwa hiyo leo ndo umeziona karatasi zangu?"

Alisema hivyo, lakini kibodi aliipokea. Akachora kutwa nzima Jumamosi, mumewe akala ugali sahani ikiwa mapajani kwa sababu meza ilikuwa imejaa mifuko ya saruji. Nilipopita nikamtania.

"Si uzipange A mpaka Z tena, umkomeshe?"

"Nimeshachora moja hivyo," akasema bila kuinua macho. "Nikaiona roho yangu ilivyo. Nikawashia jiko."

Nyingine zote alizichora sawasawa, na pembeni mwa kila moja akaandika jina lake, P. Lyamba, kwa herufi nzuri zilizonyooka. Wivu haukuisha, maana Emelyne ndiye aliyezigawa, na watoto wakamshukuru Emelyne. Nilimwona Mama Agape akiuma mdomo.

Kisha akaja Afisa Elimu Kata kutukagua. Akamsimamisha Malale, mtoto wa darasa la tano.

"Hapa mnatumia kompyuta za aina gani?"

"Za aina mbili, mheshimiwa," Malale akajibu kwa kujiamini. "Kuna zile za ndani, na kuna Lyamba. Lyamba ni nzuri zaidi. Umeme ukikatika haizimi."

"Na mimi nataka Lyamba!" mwingine akapaza sauti huko nyuma, na darasa zima likalipuka. Afisa akacheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta machozi, halafu akaomba aletewe huyo Lyamba amwone. Emelyne peke yake hakucheka. Alikuwa anapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Saa nne Mama Agape akafungua chupa yake. Safari hii alianza na kikombe cha Emelyne, akakijaza mpaka ukingoni.

"Asante, mama, leo sina hamu ya chai."

Mama Agape akamtazama usoni kwa muda, kama mtu anayekitambua kitu chake mwenyewe mikononi mwa mwingine.

"Kunywa tu, mwanangu," akasema. "Hata mimi nimeinywa hivyo hivyo mwaka mzima."