Daktari wa Punda

Daktari wa punda hamsalimii mtu kabla hajamsalimia mgonjwa. Hushika masikio kwanza, kisha hutazama mdomo, kwa sababu punda akizidiwa halii. Huacha tu kutafuna, nyasi zikabaki zikining'inia. Watu wanaona hivyo kila siku na bado wanachapa, na hilo ndilo linalomchemsha damu mama huyu.

Leo mwenye mkokoteni alimletea punda jike wa kijivu anayechechemea. "Huyu ni sugu, daktari. Mwili wake hausikii kitu. Angekuwa anaumia si angelia?"

Daktari alikaza taya, akachuchumaa, akainua mguu na kuchomoa msumari mrefu kama kidole. Usaha ulimwagika. Jike hakutoa hata mguno. Alitetemeka ngozi yote, akaurudisha mguu chini kwa kishindo, na kwato ikatua juu ya vidole vya mkono wa daktari, kwenye sakafu ya saruji. Daktari hakusema neno. Alingoja mpaka mnyama alipohama, akasimama taratibu, jasho likimtiririka, kucha mbili zimeshakuwa nyeusi.

"Pole, mama," mwenye mkokoteni alisema. "Umeumia?"

"Umenisikia nikilia?"