Mawe Yaliyokoshwa Mara Tatu

Nilikwenda Kengeja kwenye hitima, siku tatu tu. Niliporudi kazini nikakuta mawe yangu meupe.

Nilikuwa msimamizi wa maji machafu katika hospitali moja ya kusini mwa Pemba. Maji ya wodini na vyooni yalikusanyika kwenye tangi, kisha yakanyunyizwa juu ya karo kubwa lililojaa mawe. Mawe yale yalikuwa yameota utelezi wa rangi ya kahawia, nao ndio uliokuwa ukifanya kazi, si mimi. Vijidudu vyake vya juu, vinavyopata hewa, viliigeuza amonia ya mkojo kuwa naitreti. Vya chini, visivyoipata, vilimalizia kwa kuigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ikapaa. Maji yakitoka hapo yaliingia kwenye hori, mkono mwembamba wa bahari, ambako kina mama walilima mwani. Yakitoka na amonia, ukoga wa kijani huota juu ya kamba zao na mwani ukaoza. Mmoja wa kina mama hao ni mama yangu.

"Nani kayagusa haya?" nilimpigia kelele mlinzi. Harufu ya klorini, dawa inayoua kila kijidudu, ilinichoma pua.

"Bi, ni kina mama wa mtaani. Idi imekaribia, wamekuja kutusafishia hospitali. Hayo mawe kayakosha mamako mwenyewe. Kasema yana najisi, kila jiwe kalisugua kwa klorini, kalitia maji mara tatu."

Nilimtolea mlinzi maneno mabaya, na saumu yangu mdomoni. Kisha nikafunga bomba la kuelekea baharini. Tangi lingestahimili siku tatu; utelezi ule huchukua wiki kadhaa kuota. Nikayasuuza mawe kwa maji ya kisima, nikachimba mpaka chini kabisa, mahali ambapo mikono ya mama haikufika. Yalikuwepo machache, meusi, yanateleza. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikayatawanya kati ya yale meupe, kama mtu anayetia chachu kwenye unga.

Kila asubuhi na kila alasiri nilitia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji yaliyopita kwenye mawe kabla hayajarudi tangini. Rangi ya manjano ni salama, kijani ni amonia. Siku ya kwanza kijani. Siku ya pili kijani. Siku ya tatu kijani vilevile, na tangi limefika mdomoni. Lingefurika, uchafu ungeingia wodi ya wazazi. Ilinilazimu kufungua bomba kabla maji ya bahari hayajajaa na kuufunika mdomo wake.

Kabla ya kulifungua nikashuka pwani mbio. Bahari ilikuwa imekupwa, kina mama wameinama kwenye kamba zao. Mama aliponiona akanyanyua mikono juu kunionesha. Ngozi ya viganja ilikuwa imechunika.

"Umeyaona mawe yako? Sasa hapana ntu atakosema mwanangu anashinda penye uchafu."

Kumbe wenzake walikuwa wakimwambia hivyo, naye akinyamaza miaka yote. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, tena makali. Yote yakaniishia.

"Mama zangu," nikasema kwa sauti ili wasikie wote, "hamisheni kamba, zipelekeni upande wa Makoongwe kunakopita mkondo. Maji ya hospitali yatakayotoka leo si mazuri. Nimekosea mimi kazini."

"Mwani umebaki wiki moja tuvune!" mmoja akapiga ukelele. "Ulikuwa umelala huko?"

Mwingine akasema kazi wamepewa watoto wasiojali. Nilitazama mchanga. Hasira niliyokuja nayo ilikuwa imegeuka hofu, maana niliogopa kwamba mama anahesabu siku na atajua kuwa chanzo ni mikono yake.

Hakujua. Aliwageukia wenzake, akaweka mkono kifuani.

"Nisameheni mie. Huyu nimemzaa mie. Kama hana uangalifu, basi mie ndiye sikunfunza."

Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za jirani yake kabla ya zake. Maji ya chumvi yalimchoma viganjani, nikamwona akikunja uso. Nikainama pembeni yake, nikafungua upande wa pili wa kamba.