Ruta ya vipande yaokoa mnada wa ufuta Ruangwa

Saa moja asubuhi, Nachingwea. Mwandishi wa makala haya anajua mambo ya intaneti kuliko bibi yeyote wa wilaya hii. Ndiyo maana anakinyanyua kisanduku cheusi mezani kwa fundi, anakigeuzageuza, kisha anauliza kinashika stesheni gani.

"Bibi, hiyo siyo redio," anacheka Zuena Masoudi (29), bisibisi mkononi. "Ni ruta. Ndiyo inayogawa intaneti nyumbani au ofisini."

Ruta nyingi ni kama yai, likipasuka basi. Za Zuena ni kama jembe: mpini ukivunjika unachonga mwingine, chuma unabaki nacho. Ndani kila kazi ina kadi yake, ya umeme, ya laini ya simu, ya Wi-Fi. Programu inayoziendesha ni huria. Yeyote duniani anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuigawa bure.

"Hata mimi wa darasa la saba?"

"Hata wewe, bibi. Mimi nimerekebisha mistari miwili tu, na sasa inatumika mpaka Brazili."

Mwandishi anakaa kitako. Watu wasiojuana wanasuka mkeka mmoja, na hakuna anayeficha ukili wake! Jirani yake wa miaka arobaini bado anamficha anavyopika kisamvu.

Simu inalia. Ni Mama Aurelia, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa ufuta Ruangwa. Ruta ya ofisi imezima, na mnada wa mtandaoni unafunguliwa saa nne. Chama kikiukosa, magunia yanalala ghalani wiki nyingine na bei inashuka.

Zuena anafunga begi, mwandishi anamfuata. Leo hii bodi ya chama inaamua kama itaweka ruta zake katika ofisi nyingine tano, Likunja na Narung'ombe zikiwemo.

Ruangwa, karani Bonifasi anawapokea mlangoni.

"Umeme huo, fundi. Ulikatika jana, ukarudi na nguvu zote. Mimi hata sijakigusa." Anawageukia wajumbe wa bodi. "Hivi visanduku havifai. Tununue vya dukani."

Zuena anainama juu ya ruta. Ananusa. Anachomoa kadi ya Wi-Fi ubavuni mwa ruta. Ukingo wake umeungua. Anachomeka nyingine, ya shilingi 35,000.

"Feni yake ya ndani haizunguki," anasema. "Nitaiangalia baada ya mnada." Anaielekezea ruta feni ya ofisi.

Taa inawaka kijani. Ni saa nne kasoro dakika sita.

Bei zinapanda kwenye kioo cha kompyuta, wakulima wanahesabu kwa sauti mpaka magunia ya mwisho yanauzwa. Mwandishi hasemi neno, jambo ambalo marehemu mumewe alilisubiri miaka thelathini asilione. Kadi ndogo kama kiberiti imebeba ghala zima!

"Na sampuli yetu ya ufuta imepita kipimo cha unyevu," anajisifu Bonifasi.

"Jana si ilikuwa na umande?" anashangaa Mama Aurelia.

"Imekauka yenyewe, mama."

Bodi inamuuliza Zuena atafanya nini akipewa ofisi hizo tano.

"Nitafungua darasa. Nataka wasichana wa Kilimarondo wajifunze kuzifungua na kuzifunga wenyewe, wasinisubiri mimi."

"Lakini umeme ukirudi kwa nguvu tena?" anachokonoa Bonifasi.

"Kadi ya umeme ni nzima, kaka. Hii ya Wi-Fi imeungua kwa joto, kwa sababu feni imekwama."

Anaizima ruta, anafungua kifuniko chenye matundu na kuigeuza juu ya meza. Ufuta unamwagika, konzi nzima.

Wote wanaitazama sinia ya sampuli kabatini. Zuena anaiinua: chini yake kuna safu za alama za vumbi, za matundu ya kifuniko cha ruta inayopata joto vizuri.

Mama Aurelia anaokota punje moja, anaitafuna polepole.

"Bonifasi, mwanangu. Huo umeme ulirudi na ufuta wake?"