Nyayo za Katambuga

Vyungu vikichomwa hutoa harufu isiyofanana na ya moto mwingine wowote. Ni samadi kavu ya ng'ombe, magome ya miti na udongo unaotoa unyevu wake wa mwisho, vyote vikichanganyika. Harufu hiyo ilituingia kwenye nguo, kwenye nywele, na hata kwenye ugali. Kila kiangazi, mavuno yakishaingizwa ndani na mbuga, bonde letu linalojaa maji masika, ikishakauka kiasi cha kupitika, kijiji chetu, kilichopo kati ya Tabora na Nzega, kilinuka hivyo mpaka mvua za kwanza. Shuleni watoto wa walimu walituita watu wa moshi. Hatukujali sana, kwa kuwa nao maji ya kunywa waliyachota kwenye mitungi ya bibi zetu.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Babu alipofariki, ndugu zake walikaa kikao, wakagawana ng'ombe na shamba la mahindi, wakamwachia bibi nyumba na kuku. Hawakuwa watu wabaya. Walifanya kama walivyoona baba zao wakifanya, na bibi mwenyewe hakuonekana kushangaa. Kilichomweka pale kijijini baada ya hapo ni shimo la udongo. Lilikuwa pembeni mwa mbuga, nyuma ya ua wa minyaa, na wanawake wafinyanzi walichimba hapo tangu enzi za misafara, wakati bibi wa bibi zao walipowauzia mitungi wapagazi waliokuwa wakipita kuelekea pwani. Nani aliwapa mahali pale hakuna aliyejua. Kilichojulikana ni mwiko: mwanamume hakanyagi shimoni, na akikanyaga, vyungu vya msimu ule vinapasukia motoni. Hata wanaume waliocheka miiko mingine, huu waliuheshimu. Mume aliyekuja kumpokea mkewe mzigo wa udongo alisubiri upande wa pili wa minyaa, akiwa ameipa mgongo.

Kiangazi ninachokikumbuka nilikuwa msichana wa darasa la tano. Mdogo wake babu, ambaye tulimwita babu Masanja na ambaye ndiye aliyepata lile shamba la mahindi, alipata mgeni kutoka Nzega aliyetaka kukodi pembe ile ya mbuga yenye shimo alime mpunga. Siku hizo mpunga ulikuwa umeanza kutafutwa, na kila bonde lililotuamisha maji lilitazamwa upya. Mgeni alitaka kupandisha kingo za majaruba ya mpunga kabla ya mvua. Masanja alisema mahali pale palikuwa pa marehemu baba yake, kwa hiyo ni pake. Hakuficha jambo. Alikuja asubuhi moja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda na kumweleza bibi kwamba udongo upo kila mahali. Bibi akamjibu kuwa udongo upo kila mahali, ila wa vyungu uko pale tu. Masanja akanywa uji aliopewa, akashukuru, akaenda zake.

Alipoondoka, bibi aliniambia kwa sauti yake ya kawaida kwamba shimo likienda, na sisi tunaenda. Tungehamia kwa kaka zake kule Choma, wilaya ya Igunga, tukakae kama wageni mpaka watuchoke. Bila vyungu hatukuwa na chumvi, sabuni wala sare ya shule. Niliogopa, na kwa siku kadhaa sikula vizuri. Yeye aliendelea kufinyanga.

Siku chache kabla ya mkutano wa kijiji uliopangwa kuamua jambo hilo, tulikwenda kuchimba mapema, na shimoni tukakuta nyayo. Udongo ulikuwa na unyevu, na zilionekana wazi: nyayo za viatu vya mjini, na pembeni yake nyayo za katambuga, zile ndala za tairi la gari. Katambuga walivaa wengi, lakini ya kushoto ilikuwa imewekwa kiraka cha tairi jingine, na alama ya kiraka hicho tulikuwa tumeifagia uani kwetu mara nyingi. Nilifurahi kupita kiasi. Katika akili yangu tulikuwa tumeshinda, kwa sababu kijiji kizima kingekuja kuona nani amevunja mwiko. Bibi alizitazama kwa muda, akakata tawi, akazifuta zote mpaka kwenye minyaa.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Nyayo za babu Masanja."

"Hujaona kitu, mjukuu wangu. Shika jembe."

Nilidhani ameogopa. Nilirudi nyumbani na udongo kichwani, nimemnunia njia nzima.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la zamani la pamba. Masanja alizungumza wa kwanza, na alizungumza vizuri. Aliitaja mipaka mmoja baada ya mwingine: kichuguu chekundu upande wa mashariki, mkwaju uliopigwa radi upande wa magharibi, minyaa, kisha mawe mawili yaliyo chini kabisa ya shimo. Mgeni wake wa Nzega alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama kuna mwenye neno, na bibi akasimama. Nyumbani tulizungumza Kinyamwezi, lakini siku ile alichagua Kiswahili, ili mgeni naye asikie bila mkalimani.

"Shemeji," alisema, "mipaka umeitaja vizuri, hukukosea hata mmoja. Mimi nina swali dogo tu. Umeiona kwa macho yako, au umesimuliwa?"

Msimu ule vyungu kadhaa vilikuwa vimepasuka motoni, vikiwemo vya mke wa Masanja, naye alikuwa amekaa mstari wa mbele, akimtazama mumewe. Masanja alitazama chini, kwenye katambuga zake.

"Nimesimuliwa," alisema hatimaye.

"Na marehemu baba, yeye aliiona?"

Asingeweza kumwingiza baba yake shimoni mbele za watu. "Baba hakuwahi kufika kule," alisema. "Ni mama. Alikuwa akinisimulia nikiwa mdogo, huku anafinyanga."

Wanawake wa nyuma walianza kucheka taratibu, si kwa kumzomea. Mwenyekiti alikuna kidevu, akamuuliza, kama baba hakuwahi kufika kule, basi alimrithisha nini. Masanja alikaa, na mgeni wa Nzega akaondoka kabla mkutano haujafungwa.

Njiani nilimuuliza bibi kwa nini hakusema juu ya zile nyayo. Alisema kwamba kama angezitaja, Masanja angeaibika, angekasirika, na wanaume wangemtetea kwamba mwiko ni mambo ya kizamani. "Wakishasema hivyo mara moja, tunabaki na nini?" Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba aliyemwonyesha shimo lile, alipokuja kuolewa pale, ni mkwewe, yaani mama yake Masanja. Jibu alilijua kabla ya kuuliza. Mwezi uliofuata Masanja alikuja kumnunulia mkewe chungu badala ya vile vilivyopasuka, na bibi akamchagulia kizuri.

Sasa naishi Tabora mjini, na kwa kuwa maisha hayana aibu, nauza ndoo na madumu ya plastiki. Bibi amefariki siku nyingi. Mara kwa mara huwaza ingekuwaje kama Masanja angejibu tu kwamba ameiona kwa macho yake. Tungekuwa watu wa Choma. Haki yetu yote ilisimama juu ya woga wa mtu mmoja na heshima yake kwa wazazi wake, na hilo hunitisha leo kuliko lilivyonitisha nikiwa mtoto.

Kiangazi kilichopita nilikwenda kumtembelea binamu yangu Kabula, ambaye siku hizi ndiye kiongozi wa kikundi cha wafinyanzi. Wana hati ya kimila ya eneo lile, yenye majina yao wanawake wenyewe, na wanatengeneza zaidi majiko ya mkaa kuliko vyungu. Udongo wanachimbiwa na vijana wa kiume kwa ujira, wanaupakia kwenye guta la magurudumu matatu. Nilimuuliza kama haogopi vyombo kupasuka. "Vinapasuka udongo ukiwa na mchanga, dada," alinijibu, akaendelea kukanda.

Jioni nilitembea peke yangu mpaka shimoni. Minyaa imekatwa ili guta lipite. Chini kwenye udongo mbichi palikuwa pamejaa nyayo za wanaume, za raba, za ndala, za miguu mitupu, na nikajikuta nimeshika tawi mkononi. Niliziangalia kwa muda, kisha nikalitupa tawi, nikaziacha zilivyo.